Sura ya Sita: Basi Mara Tatu

Inspekta Musembi hakuwa na timu. Katika Garissa ya mwaka 1966 hilo lilikuwa jambo la ajabu kuliko mtu kutokuwa na dini. Ukishuka kwenye lori, kabla hujapangusa vumbi usoni, mtu alikuuliza: wewe ni Boma au ni Nyota? Boma ilikuwa timu ya watu wa serikali, makarani na walimu na askari waliotoka bara. Nyota ya Tana ilikuwa timu ya wenyeji, vijana wa wafugaji na wa wachuuzi wa mjini. Walikuwa hawapikiki chungu kimoja tangu mwaka 1957, refa mmoja Mzungu alipokubali bao lililofungwa kwa mkono, na mkono ule ulizungumzwa mjini kana kwamba ulifunga jana. Vita vya shifta, wale wapiganaji waliotaka kaskazini ijiunge na Somalia, vilipoanza watu walidhani mpira utakufa. Wapi! Ulizidi kuwa mkali.

Sasa Gichuki, kipa wa Boma, alikuwa hospitalini hajitambui, kichwa kimepasuka. Awil, winga wa Nyota, alikuwa korokoroni, shati lake lina damu ya kipa. Ilikuwa Ijumaa asubuhi, na mechi ilikuwa kesho.

"Msafara wa malori unaondoka saa nane mchana," alisema mkuu wa Musembi. Alikuwa mtu mfupi aliyependa na mambo yawe mafupi. "Awil atakuwa ndani. Anakwenda kizuizini."

"Amekiri, afande?"

"Hajafungua mdomo tangu jana jioni. Doria ilimkuta anakimbia kutoka upande wa hospitali, kafyu imebakiza dakika tano. Amempiga karani wa serikali. Wakati huu wa vita, hilo tunaliitaje?"

Akitiwa kwenye lori lile, Awil hangeonana na hakimu. Hali ya hatari ilikuwa na sheria zake, na wapo waliokwisha kupelekwa kwa kosa dogo kuliko hilo, mama zao wakabaki kuuliza habari zao kwa madereva.

Mkuu alisukuma jiwe lililokuwa mezani. Lilikuwa jiwe la ukubwa wa embe, limepakwa chokaa, mojawapo ya yale mawe meupe yaliyopangwa kandokando ya njia za boma. "Silaha yenyewe. Imeokotwa uani kwa hospitali. Una mpaka saa nane kuniambia kwamba nimekosea. Ukishindwa, tia sahihi."

Musembi aliligeuza jiwe pande zote. Lilikuwa limebanduka chokaa upande mmoja. Damu hakuona.

Alitoka na Ogle, dubas, yaani askari wa utawala wa kilemba chekundu. Ogle alizaliwa karibu na Modogashe na alikuwa amesoma nyayo za ngamia kabla hajasoma herufi. Walipofika hospitalini, Sista Gacheri aliwapokea mlangoni. Alikuwa muuguzi kijana kutoka Meru, ana wiki tatu tu mjini, na bado alishtuka kila mlango ulipojipiga.

"Anaendeleaje?" Musembi aliuliza.

"Ameanza kugeuza macho. Alfajiri alinung'unika kitu, sikukielewa. Daktari anasema fuvu ni zima."

"Niambie tena ya jana. Polepole."

"Ilikuwa saa kumi na mbili kasorobo. Nilikuwa naanua mashuka nyuma ya wodi. Kule ng'ambo ya ua, upande wa uwanja, nikasikia mtu anaomba. 'Basi! Basi! Basi!' Mara tatu. Halafu kishindo, kama mtu kapigwa na gogo. Halafu kimya."

"Ukafanya nini?"

"Niliingia ndani nikafunga mlango, Bwana Inspekta. Ningefanya nini? Baadaye kidogo jiwe likatua juu ya mabati, tukajua tumevamiwa. Dresa, mfunga vidonda wetu, ndiye aliyechungulia akamwona Gichuki amelazwa nje ya lango letu, na mtu wa kikoi anakimbia."

"Umesema amelazwa. Si ameanguka?"

Gacheri alifikiri. "Alikuwa chali, miguu imenyooshwa. Na kitambaa kimekunjwa chini ya kichwa."

Musembi aliandika hilo akalipigia mstari. "Hiyo sauti ya basi, basi. Ilikuwa inalia?"

"Hapana. Ndilo linalonisumbua. Ilikuwa ya juu, ya haraka, kama mtu anayeamrisha."

"Ni sauti ya Gichuki?"

"Sijapata kumsikia akisema. Lakini nani mwingine angeomba basi?"

Alimwonyesha pamba alizosafishia kidonda. Katikati ya damu iliyokauka kulikuwa na unga mweupe uliogandamana. Chokaa. Ogle alimtazama Musembi, na Musembi alijua anafikiria nini: jiwe. Hata yeye alihisi kesi inamponyoka. Walizunguka nyuma ya wodi, na pale Musembi akapanda kwenye pipa la maji bila kujali suruali yake. Kwenye bati kulikuwa na kibonyeo kipya, na ndani ya kibonyeo, alama nyeupe.

"Jiwe lilipiga bati," alisema akishuka. "Ndiyo maana halina damu. Halikugusa kichwa cha mtu. Sasa niambie, Ogle. Mtu amempasua mwenzake kichwa, anataka kutoroka. Kwa nini arushe jiwe juu ya paa?"

"Ili watu watoke," Ogle alisema.

"Na kwa nini atake watu watoke?"

Ogle alianza kutembea kwa kasi kuelekea uwanjani, na Musembi ilibidi akimbie kidogo.

Uwanja ulikuwa mchanga mtupu, magoli mawili ya miti yasiyo na nyavu. Watu wa ujenzi walikuwa wamepaka miti hiyo chokaa Alhamisi saa tisa kwa ajili ya mechi. Usiku haukuwa na upepo. Ogle aliinamisha kichwa, akaweka mikono nyuma, akawa mtu mwingine kabisa.

"Watu wawili," alisema. "Moja ana kiatu ya njumu. Moja beku, bila kiatu. Huyu wa beku alibita hapa, akarudi, akabita tena. Mara nyingi."

"Walipigana."

"Hapana, afande. Watu wakibigana wanashikana. Hawa wako mbali." Alihesabu kwa hatua. "Kumi na tano. Na huyu wa beku anachimba mguu ya kulia tu. Kila mara ya kulia."

Musembi hakuelewa, na hakupenda kutoelewa mbele ya askari wake. Walifuata viatu hadi golini. Chini ya mti wa kushoto mchanga ulikuwa umevurugwa na kulikuwa na doa jeusi lililowavutia nzi. Kwenye mti wenyewe, kimo cha kiuno, chokaa ilikuwa imefutika palipo na upana wa kiganja, na pale palipofutika kulikuwa na unywele mmoja mfupi. Musembi aliutoa kwa ncha ya kalamu akauweka kwenye bahasha.

"Kiatu inaishia hapa," Ogle alisema. "Na tazama huyu beku kutoka hapa. Kisigino kimezama. Anabeba mzigo. Mzito sana, anabumzika mara mbili. Anakwenda mbaka lango ya hosbitali."

"Alimbeba."

"Alimbeba, wallahi. Kama mtu anabeba ndugu yake."

Wangeweza kurudi wakasema hivyo. Lakini Musembi alimjua mkuu wake: angesema Awil alimsukuma kipa kwenye mti, kisha akaogopa. Mtu anaweza kuua saa moja na kuhurumia saa ya pili. Na bado ile sauti ilikuwepo, ikiomba basi mara tatu. Mtu haombi basi asipoonewa.

Kwa hiyo walikwenda kwa Nunow. Nunow alikuwa na hoteli ya chai, ndiyo makao makuu ya mashabiki wa Nyota, na Jumatano iliyopita alikuwa amepanda juu ya benchi akaapa mbele ya watu arobaini kwamba atamvunja Gichuki mikono.

"Nilisema," Nunow alikubali, ametanua kifua. "Nitamfunja mikono! Sikusema kichwa. Uliza watu. Kichwa yake mimi nataka nini?"

Waliokuwa wakinywa chai waliitikia kwamba kweli, ilikuwa mikono.

"Jana saa kumi na mbili kasorobo ulikuwa wapi?"

"Hapa. Nilikuwa nachinja ndimu... nakata ndimu. Hawa wote mashahidi." Kisha uso wake ukabadilika, akakaa. "Afande, nisikilize. Tukimfunga Boma bila Gichuki, hiyo ni goli gani? Mimi miaka sita nangoja Awil amfunge huyu mtu. Miaka sita! Huyu Mkikuyu anaruka kama aliambiwa mbira unakuja wabi. Nikimfunga golikiba mwingine, nitamwambia nani?"

Alikuwa na uchungu wa kweli. Musembi, asiye na timu, alimwonea wivu kidogo.

"Awil huwa hapa kila jioni?"

"Kila jioni. Isibokuwa Alhamisi. Alhamisi anasema anakwenda kwa mama yake, mtaa ya bulla ya juu."

Ilikwisha kuwa saa sita. Adhana ya Ijumaa ilianza, benchi zikawa tupu, na Musembi na Ogle wakarudi boma. Nyuma ya kituo lori la kwanza lilikuwa likijazwa petroli.

Kwenye lango la waya walimkuta mama mmoja, mrefu, mtandio mweusi, kibuyu cha maziwa begani. Ogle alimwambia Musembi kwa sauti ya chini kwamba huyo ni Kaaha, mama yake Awil. Alikuwa akisema maneno mengi kwa Kisomali, na askari wa lango, kijana wa kilemba chekundu, alikuwa amenyoosha mkono.

"Basi, mama! Basi!"

Musembi alikasirika. Alikuwa tayari kumkemea kijana yule: mama wa watu anamlilia mwanawe, nawe unamwambia basi? Lakini Kaaha hakunyamaza wala hakurudi nyuma. Aliingiza mkono kifuani, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, akampa.

"Basi yangu hii," alisema kwa Kiswahili. "Muhuri iko. Sasa nifungulie."

Musembi alisimama pale pale.

"Ogle. Huyu askari alikuwa anataka nini?"

"Basi, afande. Karatasi ya kutembea."

"Pasi."

"Ndiyo, afande. Basi."

Musembi alifumba macho. Alikuwa ameishi mjini hapa miaka miwili akisikia neno hilo kila siku, kwenye kila kizuizi, na masikio yake yalikuwa yamelizoea hata hayakulisikia tena.

"Na kwenye mpira," alisema polepole, "mtu akitaka mwenzake ampe mpira, anaita nini?"

Ogle alimtazama kwa huruma, mtu mzima wa cheo chake asiyejua hilo. "Anaita basi, afande. Kila mtu anaita basi."

"Gichuki ni mtu wa Nyeri. Angeita pasi."

"Angeita basi ya bua," Ogle alisema, akijigusa pua kuonyesha ile pe ya watu wa bara.

Musembi hakumsubiri amalize. Alikwenda moja kwa moja korokoroni.

Awil alikuwa amekaa sakafuni, magoti yamekumbatiwa. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na mbili, mwembamba, na nyayo zake zilikuwa ngumu kama soli. Hakuinua kichwa.

"Unapiga kwa mguu wa kushoto," Musembi alisema. "Wa kulia unauchimbia. Ulisimama hatua kumi na tano. Gichuki alikuwa anakurushia mpira, nawe unaita pasi. Jana uliita mara tatu. Akakurushia, ukapiga, akaruka, akagonga mti kwa kichwa. Ukambeba. Umepumzika mara mbili njiani. Ukamwekea kitambaa chini ya kichwa, ukarusha jiwe kwenye bati ili watoke. Nimekosea wapi?"

Awil alikuwa ameinua kichwa sasa.

"Yuko hai?"

"Yuko hai."

Kijana alificha uso kwenye magoti akalia, na Musembi alimwacha alie. Saa ya ukutani ilikuwa saa saba na dakika kumi.

"Kwa nini hukusema?"

"Ningesema nini, afande? Niseme karani wa serikali anacheza na mimi kila Alhamisi, mwaka mbili sasa? Mngesema yeye ni mtu ya shifta. Angefukuzwa kazi. Na watu yangu wangesema nimeuza mechi." Alijifuta kwa bega. "Na jana nimejaa damu, king'ora ya kafyu inakaribia. Msomali amebeba mtu ya boma, amejaa damu. Askari atauliza kwanza, ama atabiga risasi kwanza?"

Musembi alichuchumaa mbele yake.

"Lakini kwa nini mcheze pamoja? Nyinyi ni maadui."

Awil alimkazia macho kama mtu aliyeulizwa kwa nini anakula.

"Hakuna mwingine mji hii anaweza kunizuia, afande. Na yeye, hakuna mwingine anaweza kumsumbua. Ningecheza na nani?"

"Mpira wenyewe uko wapi?"

"Ulikwenda kwa kichaka ya mswaki, nyuma ya goli. Ni mbira ya Boma. Yeye ndiye anakuja nao."

Ogle alikwenda mbio, na robo saa baadaye akaurudisha, umeandikwa BOMA kwa rangi nyekundu. Musembi aliuweka mezani kwa mkuu wake, kando ya jiwe, pamoja na bahasha yenye unywele. Akaeleza yote, hadi neno la mwisho. Mkuu alisikiliza bila kukatiza, jambo ambalo halikuwa kawaida yake.

"Ni hadithi nzuri," alisema hatimaye. "Lakini mpira unaweza kuibwa. Na mtu anaweza kusukumwa kwenye mti. Mtu mmoja tu ndiye aliyekuwepo mbali na huyo, naye hasemi."

"Twende tumuulize, afande. Tumpeleke Awil, amwone."

"Ni saa nane kasoro dakika ishirini."

"Hospitali ni mwendo wa dakika tano."

Mkuu alichukua kofia yake. Labda alichoka, labda na yeye, kama watu wote wa boma isipokuwa mmoja, alikuwa na timu.

Walimwingiza Awil wodini akiwa na pingu. Kaaha aliwafuata kwa nyuma akazuiwa mlangoni, akabaki nje ukutani, karibu na dirisha. Sista Gacheri alisogeza pazia. Gichuki alikuwa amefungwa bendeji hadi kwenye nyusi, macho nusu wazi, yakielea huku na huku darini.

"Bwana Gichuki," Musembi aliinama. "Unanisikia? Nani alikupiga?"

Macho yalimpita. Yalimpita mkuu na kofia yake, yakampita Ogle, yakafika kwa kijana wa pingu, yakatulia hapo. Midomo ilifanya kazi muda mrefu kabla sauti haijatoka.

"Uliingia?"

Nje, malori yalikuwa yamewashwa moja baada ya jingine, na ngurumo yao ilitikisa chupa za dawa kwenye trei ya Gacheri.

Musembi alimtazama Awil akamsihi kwa macho. Neno moja la upole, kwamba mpira haukuingia, lilitosha. Kumpendeza mgonjwa hakugharimu chochote, na goli lenyewe halikuwa na nyavu, nani angejua?

"Uliingia," Awil alisema.

Gichuki alifumba macho. Paji la uso lilikunjamana chini ya bendeji.

"Mwongo," alinong'ona. "Niliugusa. Kwa kidole hiki."

"Uligusa, ndiyo. Lakini ulikuwa ndani tayari."

"Ulipita nje ya mti."

"Nje gani? Wewe ulikuwa na mti kwa kichwa, uliona nini?"

"Nimesema niliugusa, Awil."

"Bwana Gichuki!" Gacheri alisema. "Huruhusiwi kuongea."

"Mwambie na yeye aache uongo, Sista."

Mkuu alikohoa. Alivua kofia, akaitazama ndani kana kwamba ameandika kitu humo, akaivaa tena.

"Ogle," alisema, "mfungue pingu. Halafu nenda umwambie dereva aondoke na msafara wake. Hakuna abiria kutoka kwangu leo."

Ogle alifungua pingu. Awil hakuziangalia. Alikuwa tayari amesogea hadi ukingoni mwa kitanda, anachora kwa kidole kwenye shuka: hapa mti, hapa mpira, hapa wewe. Gichuki aliinua mkono dhaifu akaufuta mchoro huo akachora wake.

Musembi alitoka nje. Malori yalikuwa yakipita barabarani na vumbi lao, moja, mawili, matatu. Kaaha alikuwa bado amesimama ukutani, sikio limeelekezwa dirishani, mikono imekikaza kibuyu. Sauti za ndani zilikuwa zimepanda.

"Afande," alimuuliza, na macho yake yalikuwa yamejaa hofu. "Hiyo ni sauti ya mtoto yangu. Anagombana na nani?"

"Na Gichuki, mama."

"Huyo mgonjwa? Anaweza kugombana?"

"Anaweza. Wanagombana vizuri sana wote wawili."

Kaaha alisikiliza tena. Kisha akasema, "Alhamdulillah," akatua kibuyu chini, akakaa kivulini kwa mara ya kwanza tangu alfajiri.